Karatasi ya Mwangalizi Si Ushuhuda



Dominika moja, baada ya Misa ya pili, watu walisimama chini ya mwembe ulio mbele ya kanisa letu, hapa kando ya Ziwa Tanganyika, kama ilivyo desturi. Mama mmoja wa kwaya akatoa simu yake, akatusikilizisha ujumbe wa sauti wa mwanawe aliye Marekani. Kijana alisema kwa sauti ya chini: "Mama, ofisa wa probesheni ameandika kwamba nimevunja masharti. Anasema nilitoka katika jimbo bila ruhusa, na siku nyingine sikufika ofisini kwake. Mama, katika jimbo sikutoka. Lakini nasikia watanifunga." Ujumbe wenyewe ulikuwa wa dakika mbili. Kabla haujakwisha, hukumu ilikuwa imekwisha kukatwa chini ya mwembe.

Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema: "Serikali ya Wazungu haiandiki neno bure." Mwingine akaongeza: "Aliyekosa mara ya kwanza, nani atamzuia mara ya pili?" Wa tatu, mjomba mtu, ambaye kwa kweli anampenda kijana, alisema: "Mwambie atoroke usiku huu, aende kwa ndugu zake katika mji mwingine. Nchi ile ni kubwa." Na sisi tunaoandika maneno haya, tulioketi miaka mingi kwenye madawati ya seminari na ambao watu hutugeukia tunapofungua kinywa, tulitoa shauri tulilodhani ni la hekima kupita yote: "Mama, mwambie amwendee ofisa kwa unyenyekevu, aombe msamaha. Yatakwisha."

Maneno manne yalitoka pale, na hakuna hata moja lililo jema. Tena lile la nne, la kwetu, ndilo lililokaribia kumfunga kijana yule gerezani. Ndiyo sababu tumeshika kalamu. Hatuandiki ili kuwacheka wazee wetu. Twaandika kwa sababu vijana wengi wa nchi hii, waliokulia kambini Nyarugusu na mahali pengine, leo wanaishi Marekani. Katika miaka ya nyuma ilitokea zaidi ya mara moja kwamba Wakongomani walikuwa wa kwanza kwa hesabu kati ya wakimbizi wote waliopokelewa kule. Wanapopata shida hutupigia simu sisi wazazi, ndugu na makatekista, nasi huwajibu haraka haraka juu ya mambo tusiyoyajua.

Basi kwanza tujue neno lenyewe. Probesheni ni nini? Mtu amekosa, hakimu (wengine mjini wasema zuzi) amemwona na hatia. Badala ya kumpeleka gerezani, au badala ya kumweka huko muda wote, anamwacha akae nyumbani kwake kwa masharti: afike kwa mwangalizi siku alizoambiwa, asitoke katika jimbo bila ruhusa, asinywe dawa za kulevya, atafute kazi, alipe fedha alizoagizwa, asikose tena. Sisi hapa tuna kitu cha namna hiyo katika sheria yetu ya makosa, maana hakimu aweza kukata kifungo akakisimamisha kwa muda, na mfungwa aweza kufunguliwa kabla ya siku zake kwa masharti. Lakini kwetu ni wachache wanaofuatwa mwezi kwa mwezi na mtu mwenye daftari. Kule ni jeshi zima. Mwaka 2021 watu karibu milioni 3 walikuwa chini ya probesheni katika Marekani.

Jambo hili lilianza kwa huruma, nasi twapenda kulisema, maana wengine hudhani limebuniwa kwa kutesa watu. Mwaka 1841, katika mji wa Boston, fundi wa viatu jina lake John Augustus aliingia mahali pa hukumu, akamwona mlevi mmoja anangoja kupelekwa kifungoni. Akamwomba hakimu ampe mtu huyo, yeye mwenyewe awe mdhamini wake. Baada ya majuma machache walirudi pamoja mbele ya hakimu, na mlevi amebadilika. Fundi yule aliendelea hivyo mpaka kufa kwake mwaka 1859, akawadhamini watu karibu 2,000. Baadaye serikali ya jimbo la Massachusetts ikaifanya kazi hiyo kuwa ya mshahara, mwaka 1878, na majimbo mengine yakafuata.

Sasa tazameni mahali jambo linapogeuka. Mdhamini wa kwanza alikuwa upande wa mkosefu. Mwangalizi wa leo anabeba mizigo miwili: asubuhi ni mshauri, anauliza habari za kazi na watoto, jioni ni mshitaki, anaandika karatasi kwa hakimu kusema, "Huyu amevunja sharti namba fulani, arudishwe gerezani." Mahakama Kuu ya nchi ile yenyewe imeliona neno hili. Katika shauri la mwaka 1973 ilieleza kwamba, mwangalizi akisha kuamua kuomba mtu afungwe, hatuwezi kuendelea kumhesabu kama rafiki tu, kwa maana mwelekeo wake umekwisha kubadilika. Hatusemi kwamba waangalizi ni watu wabaya. Wako wengi wanaohangaika na watu kuliko ndugu zao wa damu. Twasema tu kwamba mtu mwema naye hukosea siku, huchanganya majina, huamini picha aliyoonyeshwa, hasikii vema Kiingereza cha mgeni. Na karatasi yake ikikosea haina macho ya kujiona.

Mzee wetu alisema serikali haiandiki bure. Sisi twamwuliza mzee: wakati wa ukoloni, karani alipoandika kwamba wewe hukulipa kodi, na risiti ilikuwa mfukoni mwako, je, ulikubali kwa kuwa imeandikwa? Hasha! Ulitoa risiti. Wengine hapa wamewahi kupigwa kwa kosa la karani, na bado wanasimulia kwa uchungu. Basi yale tuliyoyakataa juu ya migongo yetu, tunayapokeaje juu ya mgongo wa kijana kwa sababu tu karani wa sasa yuko mbali, ng'ambo ya bahari?

Tena Wamarekani wenyewe hawakubali. Wasomaji wasikie habari ya mtu mmoja wa jimbo la Iowa, jina lake Morrissey. Mwaka 1967 alikiri kwamba alitoa hundi za uongo, akahukumiwa kifungo kisichozidi miaka saba. Mwezi wa Juni 1968 alifunguliwa kabla ya wakati, kwa masharti. Baada ya miezi saba mwangalizi wake alisema amevunja masharti, akakamatwa, akawekwa kifungoni. Wakubwa wenye kazi ya kuamua wakasoma karatasi ya mwangalizi, na kwa karatasi hiyo wakamrudisha gereza kuu. Hakuitwa kusema neno mbele yao. Hatusemi kwamba Morrissey alikuwa malaika. Huenda mengi yaliyoandikwa yalikuwa kweli. Lakini shauri lake lilipanda mpaka Mahakama Kuu, na mwaka 1972 mahakimu walisema haitoshi. Uhuru wa mtu aliyefunguliwa kwa masharti ni mdogo kuliko wetu, lakini ni uhuru, nao hauwezi kuondolewa kwa neno la mtu mmoja. Lazima aandikiwe mashitaka waziwazi, aonyeshwe ushuhuda ulio juu yake, asikilizwe mwenyewe, alete mashahidi na karatasi zake, aweze kuwauliza maswali wale wanaomshuhudia, isipokuwa kama kuna sababu kubwa ya kulizuia hilo. Anayekata neno asiwe yule aliyeshitaki. Tena mwisho aandike kwa sababu gani ameamua hivyo.

Mwaka uliofuata, yaani 1973, katika shauri la mtu mwingine, Scarpelli, wa jimbo la Wisconsin, mahakimu walisema haki hizo ni za watu wa probesheni pia. Scarpelli huyu alipewa probesheni kwa kosa kubwa la unyang'anyi, kisha akakamatwa katika jimbo jirani kwa wizi wa nyumba. Alikiri kwa polisi. Baadaye akasema alikiri kwa kulazimishwa. Probesheni ikafutwa bila kuitwa mbele ya mtu ye yote. Mahakama ikasema: la, lazima asikilizwe. Na juu ya avoka ikasema neno ambalo twaomba kila mzazi alishike sana. Haikusema kila mtu atapewa avoka kila mara. Ilisema kwamba inapasa apewe hasa yule anayedai kwa maneno yenye msingi kwamba hakutenda jambo lile, au yule mwenye sababu nzito na ngumu za kujieleza. Majimbo mengi leo yameongeza, yanampa avoka kila mtu asiye na fedha. Lakini mzizi ni huo: yule anayesema "sikutenda".

Mnaona sasa ubaya wa shauri letu chini ya mwembe? Sisi tulimwambia kijana aseme nini? Tulimwambia aseme, "Nisamehe."

Kijana ni mtiifu. Mama alimpelekea neno letu jioni ile ile, naye kesho yake alimpigia mwangalizi simu, akasema kwa Kiingereza chake cha kiwandani: samahani bwana, nisamehe, haitatokea tena. Kwetu maneno hayo ni adabu tu. Mtoto akiitwa na mkubwa mwenye hasira, hata hajui kosa, huanza na "nisamehe, baba", ili hasira ishuke, ndipo wazungumze. Tukimkuta mtu amefiwa twasema "pole", wala hatukumwua marehemu. Lakini ofisini kule neno liliingia daftarini kwa namna nyingine. Mwangalizi aliongeza mstari mmoja katika karatasi yake: mtu huyu amekiri.

Tena si hilo tu. Siku ya kwanza mwangalizi alikuwa amemwuliza swali lililokaa hivi: "Hukutoka katika jimbo mwezi huu?" Kijana akajibu, "Ndiyo." Sisi sote tunaosema Kiswahili twaelewa: ndiyo, kama ulivyosema, sikutoka. Waingereza hujibu kinyume. Kwao mtu asiyetoka hujibu "la". Kwa hiyo mwangalizi alisikia, "Ndiyo, nilitoka." Neno moja dogo, ambalo mtoto wa miaka mitatu analijua, likawa kufuli. Hatumlaumu mwangalizi kwa kutojua Kiswahili. Twamlaumu kwa kuandika "amekiri" bila kumleta mkalimani, hali akijua kwamba anayesema naye ni mgeni.

Ni lazima pia tuwaambie wazazi jambo ambalo sisi makatekista hatukulijua. Ofisi ya mwangalizi si kiti cha maungamo. Padri akisikia dhambi zako hufunga kinywa mpaka kaburini. Mwangalizi akisikia, aweza kuandika na kupeleka. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliamua hivyo katika shauri la mtu mmoja wa Minnesota, jina lake Murphy. Mwangalizi wake alimwuliza juu ya kosa kubwa la zamani, naye akaeleza yote. Alipotaka maneno hayo yasitumiwe katika mashitaka, mahakimu wengi walisema: hukulazimishwa, na hukusema kwamba unataka kunyamaza, basi maneno yako yanaweza kutumiwa. Hatuwafundishi watu uongo. Kumdanganya mwangalizi ni dhambi, na kule ni kosa jingine tena la kuvunja masharti. Lakini kati ya kusema uongo na kumwaga maneno kuna njia ya tatu: kusema kwa heshima, "Bwana, jambo hilo sikulitenda. Naomba niandikiwe ninashitakiwa nini, na naomba niseme na avoka kwanza, pamoja na mkalimani wa Kiswahili." Hayo si matusi wala kiburi, na mahakama ya kule ingeyasikia bila kushangaa.

Tumfikie na mjomba. Mjomba, shauri lako la kutoroka limetoka moyoni, twalijua. Lakini fikiri. Leo mwangalizi anasema kijana ametoka katika jimbo, wala hana ushuhuda wa kutosha. Ukimtorosha, umempa ushuhuda wenyewe kwa mkono wako! Hakuna tena haja ya picha wala shahidi, maana mtu hayupo. Jina lake litaandikwa kwa polisi wa nchi nzima, na siku atakaposimamishwa barabarani kwa taa mbovu ya gari, itakuwa amekwisha. Aliyeshitakiwa bure ndiye hasa apaswaye kukaa pale pale, afike kazini, afike ofisini siku zote alizoandikiwa, hata ile ofisi iliyomshitaki.

Na yule aliyesema, "Aliyekosa mara ya kwanza, nani atamzuia mara ya pili?" Huyu tunamjibu kwa ukali zaidi, kwa maana alisema mbele ya mama. Kosa la kwanza kijana hakulikataa. Alikunywa pombe, akaendesha gari, akagonga uzio wa mtu. Alikiri mbele ya hakimu, akapewa kifungo kilichosimamishwa na probesheni ya miaka miwili. Hayo yote ni kweli, na ni aibu kwa kijana wa kikristu. Lakini hatia ya jana si shahidi wa leo. Kama ingekuwa hivyo, nani kati yetu tunaopanga mstari Jumamosi mbele ya kiti cha maungamo angeweza kujitetea kwa neno lo lote Jumatatu? Tunasoma kila mwaka katika Kwaresima habari ya Suzana. Watu waliamini mara moja kwa sababu washitaki walikuwa wazee na waamuzi, wenye cheo. Hakuna aliyeuliza swali. Danieli hakuleta muujiza wo wote. Aliwatenga tu wale wawili, akamwuliza kila mmoja: chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Sisi tulikuwa wengi chini ya mwembe wetu, tena wengine ni wazee wa kanisa, na hakuna aliyeuliza swali moja kama lile: ofisa amejuaje?

Swali hilo aliliuliza avoka. Si avoka wa fedha. Ni wale wanaolipwa na serikali kuwatetea maskini, mwanamke kijana ambaye, kwa maneno ya mtoto wetu, siku zote alikuwa na mafaili chini ya makwapa yote mawili. Aliomba aonyeshwe ushuhuda. Ukatolewa: picha moja kutoka Facebook. Katika picha kijana wetu ameketi matangani pamoja na Wakongomani wengine, nyumbani kwa jamaa, katika jimbo jingine. Jamaa huyo alikuwa ameitoa picha mwezi ule wa mashitaka, na mwangalizi akahesabu kwamba siku ya kutolewa picha ndiyo siku ya matanga. Kumbe matanga yale yalikuwa ya mwaka uliotangulia, kabla kijana hajahukumiwa kabisa. Jamaa aliirudisha picha kwa ukumbusho wa marehemu, kama tunavyofanya sote mwaka ukitimia.

Ushuhuda wa upande wa kijana ulikuwa mdogo, lakini mgumu kama msumari. Anafanya kazi katika kiwanda cha nyama. Pale kuna mashine inayopiga saa ya kuingia na ya kutoka kwa kila mfanyakazi. Karatasi ya mashine ilionyesha kwamba siku ile aliyodaiwa kuwa safarini aliingia saa kumi na moja alfajiri, akatoka saa tisa na nusu. Kapita wake aliandika barua kuthibitisha. Jamaa naye alitakiwa kupeleka picha nyingine za matanga yale yale, zenye tarehe. Ndizo zilizofanya kazi. Machozi ya mama hayakupelekwa, wala barua ya parokia kusema kwamba ni mtoto mwema, ambayo tulikuwa tumekwisha kuiandika na kuipiga muhuri.

Wasomaji wasidhani kwamba mambo yaliisha kwa shangwe. Kwanza, kijana alikaa kifungoni siku 19 akingoja kusikilizwa. Mtu wa probesheni aliyeshitakiwa aweza kuzuiliwa hivyo, wala hana haki ya dhamana kama mtu mwingine. Pili, hakimu hatafuti yakini ile kubwa inayotakiwa mtu anaposhitakiwa kosa jipya mbele ya baraza la raia. Katika majimbo mengi yatosha aone kwamba jambo linaelekea kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli: mizani ikilala kidogo tu, basi. Habari za kusikia kwa mwingine nazo mara nyingi hupokelewa. Hii ndiyo sehemu tunayoilaumu waziwazi katika desturi ya nchi ile. Mtu aweza kupoteza miaka kwa mizani iliyolala kama unyoya. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulihesabu kwamba kati ya kila watu 100 walioingia magereza ya majimbo, 45 waliingia kwa kuvunja masharti ya probesheni au ya kufunguliwa kabla ya wakati. Wengine walikuwa wametenda kosa jipya, na wengine walikosa kulipa, kufika, au kuomba ruhusa tu.

Na hapo kwenye kulipa, sheria yao ina neno jema ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ilisikia shauri la Bearden wa jimbo la Georgia, mtu asiyejua kusoma. Aliagizwa kulipa dola 750 kwa jumla, faini na fidia pamoja. Alikopa dola 200 kwa wazazi wake akalipa. Kisha kiwanda kikamwachisha kazi, akashindwa kumaliza. Wakamfunga. Mahakama ikasema hakimu hawezi kumfunga mtu kwa kutolipa bila kuuliza kwanza: alijitahidi, akashindwa? Au alikataa kwa makusudi? Kama alijitahidi kweli, itafutwe njia nyingine kwanza. Mzazi mwenye mtoto anayedaiwa fedha za probesheni amwambie atunze kila risiti, na kila karatasi ya maombi ya kazi, hata ile aliyojibiwa "hakuna nafasi".

Siku ya kusikilizwa ilipofika, mkalimani alikuwapo. Hakimu alimwuliza mwangalizi kama anajua picha ilipigwa lini. Mwangalizi, na twamsifu kwa hili, alijibu kwa kweli kwamba hajui. Shitaka la kutoka katika jimbo likaanguka. Lile neno "amekiri" nalo lilielezwa na mkalimani, hakimu akaliweka kando. Lakini shitaka la pili lilisimama. Kulikuwa na Jumanne moja ambayo kijana kweli hakufika ofisini, maana kiwanda kilimbadilishia zamu ghafula. Anasema alipiga simu, lakini hakuandika jina la aliyemjibu wala saa, na ofisini hakuna alama ya simu hiyo. Hakimu akaona kwamba kosa hilo limethibitika, akamwacha katika probesheni, akamwongezea miezi mitatu.

Tulipotoa habari hizi, yule wa "mara ya kwanza na ya pili" alisema, "Si nilisema? Lilikuwapo kosa." Ndiyo, lilikuwapo moja, dogo, na limelipiwa miezi mitatu. Lile kubwa, ambalo lingemfunga mwaka mzima, halikuwapo. Wewe uliyachanganya yote mawili katika kapu moja, ndugu, na kapu hilo ndilo tunalolipinga. Kila shitaka lipimwe peke yake. Hata shetani akishitakiwa kwa jambo asilolitenda, hakimu hana ruhusa ya kuandika kwamba amelitenda.

Sisi wenyewe tulimwendea mama wa kijana nyumbani kwake, tukamwambia kwamba shauri letu lilikuwa baya na kwamba neno "amekiri" lilitoka kinywani mwetu. Alinyamaza kitambo, akatupa kiti, akaenda kuchemsha chai. Alikuwa hajaimba kwaya majuma matatu. Hakuna aliyemfukuza, ila kila alipopita watu walinyamaza, naye si mjinga. Dominika iliyopita alirudi, akasimama safu ya nyuma, si mahali pake pa zamani. Mahali pake pamechukuliwa na mke wa mzee yule wa "haiandiki bure", na mpaka sasa hajapaachia.

Kijana anatafuta kazi nyingine, kwa sababu katika siku zile 19 kiwanda kilikwisha kuweka mtu mahali pake. Amenunua daftari la shule, anaandika humo kila simu anayopiga ofisini: tarehe, saa, jina la aliyejibu. Na ile picha ya matanga tumemwomba jamaa mara mbili aiondoe. Anasema ni ukumbusho wa marehemu baba yake, haiondoi.